Wimbo Uliopotelewa na Filamu Yake

Fundi makochi wa mtaa ule hakuwa mtu wa maneno, na waliomjua hawakumlaumu. Utasemaje na mdomo umejaa misumari? Mkono wa kushoto umevuta kitambaa, wa kulia umeshika nyundo, na binadamu hakuumbwa na mkono wa tatu, kwa hiyo mdomo ndio uliofanywa mkono. Vijisumari vya vichwa bapa vilikaa vimepangana katikati ya midomo yake, ulimi ukivisukuma nje kimoja kimoja. Watu walimwita Misumari, naye aliitika kwa kuguna. Salamu yako ya asubuhi ilijibiwa "mm," bei ya kochi ilitajwa kwa vidole, na ukimuudhi alikutazama tu mpaka ujijue.

Kila msumari ulipigwa mara mbili. Pigo la kwanza la kuubembeleza usimame, la pili la kuuamrisha uzame. Ko-ko. Halafu kimya cha kuvuta kitambaa, kukilaza, kukipapasa kwa kiganja kuona kama kimekaa sawasawa, kisha ko-ko tena. Kazi hiyo aliifanyia kwenye chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati uliotazama barabarani. Mbele walikaa wagonjwa wake, makochi yaliyovuliwa nguo, mbavu za mbao na springi ziko nje. Nyuma kulikuwa na mabunda ya sponji yaliyofika darini. Katikati, karibu na dirisha, ilikaa cherehani ya mkewe.

Mke ndiye aliyeshona makava na mifuko ya mito. Huyo mdomo wake ulikuwa huru, akautumia kwa niaba ya wawili. Alipatana bei na wateja, akawatania wapita njia, akamgombeza mumewe kwa kukanyaga vitambaa, na alipochoka kusema aliimba kwa pua, midomo imefungwa, bila neno hata moja. Wimbo ulikuwa mmoja. Miaka yote ile, wimbo ulikuwa huo huo mmoja, na hapakuwa na kochi lililotoka mle ndani ambalo halikuimbiwa.

"Ni wa filamu," alimwambia mumewe siku za mwanzo za ndoa, cherehani ilipokuwa bado ngeni mle chumbani. "Niliiona nikikaa kwa shangazi, kabla sijakujua wewe."

Jina la filamu hakulikumbuka, na pengine hakuwahi kulijua, maana waliingia ukumbini imekwisha kuanza. Shangazi huyo alikuwa mtu wa kuchelewa hata kwenye mazishi. Inahusu nini? "Kuna mwanamke anaondoka," alisema, akacheka kidogo, akaendelea kukanyaga cherehani.

Anaondoka kwenda wapi? Anamwacha nani? Hayo fundi hakuyauliza. Mdomo ulikuwa umejaa, na ulipokuwa mtupu ulikuwa mezani ukila. Lakini kila mkewe alipoimba, alimwona macho yakitoka dirishani na kwenda zake, yakivuka barabara na mapaa ya ng'ambo, wakati mikono imebaki ikisukuma kitambaa chini ya sindano. Mumewe alikuwa hapo hapo, hatua chache tu nyuma yake, akipiga ko-ko zake. Alijiona kama mtu aliyesimama uani kwake mwenyewe huku wenye nyumba wamesafiri.

Wapo wanaume wanaowaonea wivu wanaume wenzao, na hao tumewazoea. Misumari aliuonea wivu wimbo. Mtu mzima, mwenye mvi na leseni ya biashara! Moyo wa mtu ni msitu, na ndani ya msitu wake fundi alijijengea mji mzima ambao mkewe aliuacha ili aolewe, mji wenye kumbi za filamu na watu wanaosema bila kuguna, na akaamini kwamba kila siku, kwa wimbo ule, mkewe alipanda akaenda kuutazama kidogo kisha akarudi kushona mito. Hakumchukia kwa hilo. Ila lilimuuma, likamuuma taratibu kama kibanzi kisichoonekana.

Kisha mama yule akaugua, ugonjwa wa haraka usiompa mtu muda hata wa kuuzoea, akafariki.

Binti yao, aliyekuwa keshia wa duka la dawa katika mji mwingine, alikuja akakaa na babake mpaka siku za msiba zikaisha. Kabla ya kurudi kazini alisimama mlangoni pa karakana akamsikiliza babake akifanya kazi. Ko-ko. Kimya. Ko-ko. Kimya kile, alisema baadaye, kilikuwa kinatisha kuliko kilio. Akachukua simu ya babake, akabonyezabonyeza, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha.

"Baba, hiki ni kipindi. Mimi hukisikiliza nikihesabu dawa. Usipokipenda kizime, lakini usikae hivi."

Kipindi chenyewe kiliitwa Sikio la Pili. Kilikuwa cha mtandaoni, cha mwanamke mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye wasikilizaji walimwita Mama Sikio, naye alikuwa na kazi moja tu duniani: kuchambua muziki wa filamu. Waigizaji aliwaachia wengine, na hadithi pia. Kila kipindi alikianza kwa kusema, "Haya, fungeni macho," halafu akaweka muziki, akausimamisha, akagonga meza kwa kidole, akaeleza.

Siku ya kwanza fundi alikibeza. Kuchambua muziki wa filamu ambayo mtu hajaiona ni sawa na kumsimulia mwenye njaa jinsi ulivyoshiba. Lakini mikono ilikuwa na kazi na simu ilikuwa mbali, akaiacha iseme. Mama Sikio alikuwa anaeleza mahali ambapo mama mmoja anaosha vyombo, hakuna lolote, sahani na maji tu, ila chini kabisa fidla moja inashikilia sauti moja. "Ninyi mnaona vyombo," alisema. "Fidla imeshajua kwamba mume harudi. Mama huyu atajua baada ya dakika tano. Muziki huwa unatangulia." Nyundo ya fundi ikakaa hewani. Alikumbuka siku mkewe alipoanza kushika kiuno akiinuka kwenye cherehani, na jinsi yeye alivyoona kiuno tu.

Toka hapo hakukosa kipindi. Alivaa miwani akasoma na maoni ya wasikilizaji, pole pole, akifuata mistari kwa kidole. Alishangaa jinsi walivyompenda mama yule. Dereva wa lori aliandika kwamba amepaki kando ya barabara kwa sababu machozi na usukani haviendi pamoja. Muuguzi alisema husikiliza kabla ya kuingia zamu ili aingie na moyo laini. Kipofu mmoja aliandikiwa na mwanawe maneno haya: tangu nikujue, filamu nami naziona. Walijiita Masikio, wakataniana, wakagombania fidla na filimbi kama wengine wanavyogombania timu za mpira. Fundi hakuandika kitu. Kila kipindi kilipokwisha alisema "asante, mwalimu," lakini misumari ilikuwa mdomoni, ikatoka "mm-mm, mm-mm-mm," na karakana ndiyo iliyoipokea shukrani hiyo.

Ikafika siku ya kipindi kuadhimisha kuzaliwa kwake, na Masikio wakajaza maoni ya sifa mpaka Mama Sikio mwenyewe akaona haya. Sauti yake siku hiyo ilikwaruza kuliko kawaida. "Shukrani zenu nimezipokea, zimejaa mpaka zinamwagika," alisema. "Sasa nipeni kazi. Kila mmoja wenu ana wimbo wa filamu uliompotea. Unaujua, hujui unatoka wapi. Uimbeni hata kwa pua, mnirekodie, mnitumie. Nikiupata, tutakuwa tumeshukuriana."

Fundi alilaza nyundo juu ya sponji. Ukweli ni kwamba kwa muda alikuwa ameanza kuogopa jambo ambalo hakumwambia mtu. Wimbo wa mkewe ulikuwa unamtoka. Akiwa mezani akiutafuta alipata mwanzo tu. Akiwa kitandani hakupata hata mwanzo. Ulikuja akiwa kazini peke yake, vipande vipande, na kila mwezi ulikuja umepungua kidogo.

Jirani yake alikuwa seremala aliyemtengenezea fremu za makochi, mtu wa masihara ambaye utani wake na fundi ulikuwa wa upande mmoja, kwa sababu mmoja alitania na mwingine aliguna. Fundi alimweleza habari ya Mama Sikio kwa vidole na miguno. Seremala akatikisa kichwa.

"Asiyekuwapo na lake halipo, Misumari. Mwache mama wa watu apumzike na wimbo wake."

Fundi akatema misumari yote kiganjani. Seremala akanyamaza hapo hapo, maana jambo hilo alikuwa amelishuhudia kwa nadra, na halikuwahi kuwa la mchezo.

"Nataka kujua alikuwa anaenda wapi," fundi alisema. "Akiimba. Mimi nilikuwa hapa, yeye hakuwepo. Sasa na huo wimbo wenyewe unaniponyoka. Ukishaisha, basi, nitakufa sijui."

"Na ukigundua alikuwa anaenda mahali usipopapenda?"

"Bora nijue."

"Bora kwa nani?" seremala aliuliza, lakini misumari ilikuwa imesharudi mdomoni.

Kurekodi kulimtoa jasho. Alijiketisha kwenye kiti kilichokwisha tengenezwa, akaiweka simu mbele yake, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Mwalimu, huu ni wimbo wa marehemu mke wangu. Filamu siijui. Kuna mwanamke anaondoka." Kisha akafungua koo, na kikatoka kitu mfano wa mlango usiotiwa mafuta. Akajaribu tena. Wimbo haukuja. Mtu aliyekaa miaka yote kimya chini ya wimbo wa mwingine hawezi kuamka siku moja akawa mwimbaji. Mwishowe alichoka, akaiacha simu ikiendelea kurekodi juu ya mkono wa kochi, akatia misumari mdomoni, akavuta kitambaa cha kochi la mteja aliyekuwa amesubiri mno, akapiga ko-ko. Na hapo wimbo ukaja. Ulipita puani, juu ya misumari, mzima mzima, kipande baada ya kipande, naye akaufuata kwa woga wa kuushtua mpaka upande wote wa kochi ukaisha. Akaituma rekodi ilivyo, kabla hajajuta.

Mama Sikio aliiweka kwenye kipindi kilichofuata. Fundi alijisikia akiimba kwa pua mbele ya halaiki ya watu, akatamani kuingia ndani ya bunda la sponji. Lakini haikuwa aibu ile aliyoitegemea. Mama Sikio alisimamisha rekodi, akagonga meza.

"Mmesikia? Mzee huyu hakukumbuka wimbo peke yake, amekumbuka mpaka ngoma. Mapigo mawili, la kwanza dogo, la pili zito. Ngoma ya mti, haina ngozi. Mpiga ngoma huyu ana adabu, haingii mpaka wimbo upumzike. Masikio, nitafutieni filamu yenye ngoma hii."

Lo! Masikio wakaingia kazini kama siafu. Mmoja aliapa kwamba hilo ni gogo lililotobolewa. Mwingine akasema hapana, hizo ni mbao mbili zinagonganishwa, na akatuma picha. Mwanafunzi wa muziki aliandika maelezo marefu kuhusu falsafa ya mapigo mawili baada ya pumzi, na watu wengi wakampongeza ingawa hakuna aliyefika mwisho. Filamu zenye ngoma zilifukuliwa, za vita, za misitu, za wafalme, zikaletwa moja baada ya nyingine, na Mama Sikio akazisikiliza zote kwa subira akisema siyo, siyo, bado siyo.

Fundi alisoma yote hayo, kidole kikifuata mistari kwenye kioo cha simu. Nyundo yake, aliyoinunua sokoni ikiwa na mpini wa kuazima, imekuwa ngoma yenye falsafa! Angesema nini sasa? Watu wenye kazi zao wameacha usingizi kwa ajili yake. Akiwaambia, watacheka. Asipowaambia, watatafuta mpaka kiyama. Akajikaza kisabuni, akanyamaza, na kila kipindi kilichosema "bado siyo" kilimzidishia hatia na kumpunguzia matumaini.

Binti ndiye aliyelivunja jambo hilo. Alipiga simu akiwa amepitwa na vipindi kadhaa kwa sababu ya kazi nyingi, na kwa muda mrefu babake alichosikia ni mtu anayecheka bila kupata pumzi.

"Baba, hiyo ngoma si nyundo yako?"

"Mm."

"Na ulikuwa na misumari mdomoni?"

"Mm."

Kicheko kikakatika. Binti alisema kwamba mama angekuwepo angeanguka kwenye kiti, na baada ya maneno hayo hawakucheka tena, wala mmoja. Kisha akamwambia babake kwa upole kwamba kuchekwa siyo kifo, na kwamba watu waliomtafutia wimbo wanastahili kuambiwa ukweli. Yeye mwenyewe ataandika, baba aseme tu nini cha kuandika. Fundi akatema misumari, akafikiri.

"Mwambie hiyo ngoma siyo ngoma. Ni mimi."

Binti akaandika hivyo hivyo, hakuongeza neno, chini akatia tu jina la Misumari, fundi makochi, na namba ya simu ya babake.

Masikio walicheka, kwa kweli walicheka, mwanafunzi wa muziki akiongoza, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokusogezea kiti ukae nao. Wengine waliandika kwamba sasa wanampenda Misumari kuliko filamu zote. Mama Sikio hakucheka sana. Kwenye kipindi alisema tu kwamba amedanganywa na nyundo, apewe muda. Halafu siku moja, mchana, simu ya fundi ikaita juu ya ukingo wa dirisha, na sauti ile ya kukwaruza ikasema, "Shikamoo, fundi. Nimeona nikupigie mwenyewe kwanza, kabla sijasema hewani."

Fundi aliitikia marahaba na misumari ikamwagika sakafuni.

Mama Sikio alieleza. Aliitoa nyundo kwenye rekodi, akaviunganisha vipande vya wimbo vilivyobaki, akaviweka hadharani. Bibi mmoja aliyekuwa akikata tiketi za ukumbi wa filamu enzi za ujana wake aliutambua wimbo kabla haujafika nusu. Mama Sikio akamtajia fundi jina la filamu, jina ambalo halikumwambia chochote. "Nikuwekee?" aliuliza. Fundi akakaa juu ya fremu tupu ya kochi. Akasema aweke.

Zilikuwa fidla. Ulikuwa wimbo wenyewe, bila shaka yoyote, ila ulikwenda kama maji ya mfereji, mfululizo, sauti ikimsukuma mwenzake. Mama Sikio alisema taratibu chini yake: mwanamke yuko kwenye treni, amekaa dirishani, nyumba aliyoishi inakuwa ndogo nyuma yake, na hageuki. Ndiyo filamu inavyoisha. Hageuki.

Fundi alisikiliza mpaka ukaisha. Alikuwa ametaka kujua, na sasa amejua, na kilichomjia hakikuwa hasira. Ilikuwa hamu, hamu ya kumwona mkewe amekaa pale dirishani hata kama macho yake yako mbali, hata kama hageuki.

"Kwa hiyo alikuwa anaondoka," alisema.

"Huyo wa kwenye filamu, ndiyo."

"Nasema mke wangu."

 Kisha Mama Sikio akagonga meza, kwa mazoea tu.

"Mzee wangu, nisikilize. Wimbo ule niliokuwekea sasa hivi hauna pengo hata moja. Aliyeutunga hakutaka mwanamke yule apate hata nafasi ya kugeuza shingo. Wa mkeo una mapengo. Kila baada ya kipande unasimama, unangoja mapigo mawili, ndipo unaendelea. Nani alikufundisha kusimama hapo?"

"Hakuna. Ndivyo alivyokuwa akiimba. Mimi nilikuwa napigilia tu."

"Hata mimi nilidhani ni kazi yako inayoukatisha. Nikamwomba binti yako auimbe. Alikuwa kaunta, amezungukwa na chupa za dawa, hapana nyundo wala kochi. Akasimama pale pale unaposimama wewe. Kila mahali. Nikamwuliza mbona unasimama, akaniambia wimbo ndivyo ulivyo, mama ndivyo alivyouimba tangu yeye mtoto."

Fundi aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Mtu anayekwenda mbali na moyo wake hamwachii mwingine nafasi," Mama Sikio alisema. "Huyu aliuchukua wimbo wa mtu anayeondoka, akaukatakata, kila mahali akakuwekea mlango uingie. Hakuwa anaenda popote, fundi. Alikuwa anakungoja upige. Kila msumari."

"Mbona sikusikia?" Sauti ya fundi ilikuwa imebadilika. "Miaka yote hiyo, mwalimu, mbona sikusikia?"

"Ungesikiaje, na wewe ulikuwa ndani yake?"

Hapo ndipo Misumari alipolia. Hakulia hivyo msibani, alipokuwa akishikwa mikono na kuambiwa ajikaze. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, barabara nzima ikasikia, na seremala akaja mpaka mlangoni na randa mkononi, akatazama, akarudi kwake bila utani wowote. Alimlilia mke ambaye alidhani anamjua kwa mgongo tu. Alitamani siku moja, siyo kubwa, siku ya kazi ya kawaida yenye vumbi la sponji, ausikie wimbo ule akijua maana yake. Hamu aliyokuwa nayo kabla ilikuwa ya mtu aliyefungiwa nje. Hii mpya ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu alikuwa amejua kwamba alikuwa ndani muda wote, na nyumba yenyewe haipo tena.

Mama Sikio hakukata simu wala hakumharakisha. Alipotulia, alimwambia kwamba Masikio wameona hawawezi kumwacha mikono mitupu. Miongoni mwao yuko kijana mpiga fidla, na ameshaanza kuurekodi wimbo ili umfikie fundi kama zawadi, safi kabisa, bila nyundo, mapengo yakiwa yamezibwa kama ulivyo kwenye filamu. Alitaka tu idhini yake.

Fundi alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha kochi. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akamshukuru mama yule kwa mdomo mtupu, maneno yakatoka kamili, asante mwalimu, na awafikishie wote asante, mmoja mmoja, na yule kijana wa falsafa naye.

"Ila mwambie mpiga fidla asiufuate wa filamu," akasema. "Aupige wa mke wangu. Na mapengo asiyazibe, ayaache wazi. Nyundo ninayo."